Kambi ya wiki mbili kabla ya mashindano ya Disemba: siku iendeshwe vipi?

KatibuMaweni

Assalaam alaykum jamaa, na habari za jioni kwa wote. Mimi ni katibu wa timu ya mtaa hapa Malindi. Mwaka huu Mungu katufungulia: mfadhili mmoja ambaye hataki kutajwa atagharamia chakula, na shule ya msingi ya jirani imetupa madarasa mawili ya kulala maana wanafunzi wako likizoni. Basi kwa mara ya kwanza tutaingia kambini kikweli, wachezaji 22 na sisi wanne wa benchi, wiki mbili kabla ya mashindano ya Disemba uwanja wa Alaskan.

Shida ni kwamba hakuna kati yetu aliyewahi kulala kambini. Mazoezi yetu mwaka mzima ni ya jioni tu, saa kumi na nusu mpaka adhana ya magharibi, kisha kila mtu anashika njia yake. Sasa tutakuwa nao kutwa kucha. Kocha ameandika ratiba ya mazoezi matatu kwa siku: alfajiri kukimbia pwani, saa nne uwanjani, jioni mechi. Mimi naona tutawamaliza kabla ya mechi ya kwanza, lakini sina hoja ya kumshinda. Mimi ni mtu wa daftari.

Kikosi chenyewe: wavuvi wawili, boda boda kama saba, mpishi wa hoteli, fundi wa makuti, na wanafunzi wa chuo watano wanaorudi likizo kutoka Nairobi na Eldoret, pamoja na vijana wa kawaida wa mtaani. Kuna Waislamu na Wakristo. Siku iende vipi kutoka alfajiri mpaka kulala? Mchanga wa pwani ni dawa au sumu? Na wale nini?

Winga_wa_Jeti

Kocha wenu yuko sawa, mwacheni afanye kazi. Sisi tulikuwa tukikimbizwa kutoka Jeti mpaka mdomo wa Sabaki na kurudi, pekupeku, na asiyetapika anaambiwa hajafanya kitu. Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, 2019 walipelekwa mpaka Marcoussis, Ufaransa, kupiga kambi kabla ya AFCON, kombe la mataifa ya Afrika. Nyinyi mna bahari ya bure mlangoni, mnauliza maswali. Vijana wa siku hizi laini sana.

NambariTatu

Wa alaykum salaam, Katibu. Winga, nakusalimu pia, ila hilo la kutapika liache huko huko Sabaki. Na hao waliokwenda Marcoussis walifungwa mbili na Algeria, tatu na Senegal, wakamshinda Tanzania peke yake, 3-2, wakarudi nyumbani. Kambi nzuri haikuwapa miguu ya Mahrez, yule winga wa Algeria. Kambi haimpi mtu asichokuwa nacho, inampa nafasi ya kutumia alichonacho.

Mimi nilicheza nambari tatu kwa miaka, kisha nikafundisha timu za shule na za mtaa, na kambi nimezilala za kila aina, mpaka za kulala kwenye jamvi chini ya mwembe. Nitakwambia ninavyoona mimi, na kocha wako achukue atakacho.

Kwanza afute ile ya saa nne. Disemba ni kaskazi. Saa nne jua la Malindi limeshasimama, uwanja hauna kivuli, mchana joto linagusa nyuzi 31, 32, na hewa imejaa unyevu hata jasho halikauki mwilini. Jasho lisilokauka halipozi. Mchezaji atamwaga maji na chumvi bure, na hatajifunza lolote, kwa sababu kichwa kikishapata moto hakisikii kocha anasema nini.

Pili, jambo ambalo vijana hawaliamini hata ukiwaapia: mtu hapati nguvu wakati anakimbia. Akikimbia anachakaa. Nguvu inarudi, na nyongeza, akila na akilala. Kwa hivyo kambi kwangu mimi ni yale masaa ya katikati. Mazoezi ya jioni mnayo mwaka mzima. Usingizi wa saa nane mchana hamna, maana huyu yuko steji anangoja abiria na yule yuko baharini. Wala hamna nafasi ya kukaa chini watu wote pamoja mkaulizana nani anasimama wapi. Huyo mfadhili wenu hajawanunulia mbio, amewanunulia mchana. Msiutumie kukimbia.

Sasa siku yenyewe. Adhana ya alfajiri ndiyo kengele. Wenye kusali wasali, wasiosali wakunje magodoro na kufagia. Kila mtu apate ndizi moja na kikombe cha uji mwepesi, basi, na saa kumi na mbili na robo muwe uwanjani. Dakika 20 za kwanza ni kupasha mwili, na hapo msijibunie. Kuna programu ya FIFA inaitwa 11+, haitaki kifaa chochote ila mpira. Mnaanza kukimbia polepole wawili wawili mkifungua nyonga, mnaingia kwenye ya kujiinua kwa viwiko kifudifudi, kusimama mguu mmoja mkirushiana mpira, kuruka na kutua bila magoti kuingia ndani, halafu mnamaliza na mbio za kasi na kukata kona. Ndani yake kuna lile zoezi la kupiga magoti, mwenzako anakushika vifundo vya miguu, nawe unajiachia kwenda mbele polepole mpaka misuli ya nyuma ya paja inalia. Siku ya kwanza wafanye mara tatu mpaka tano tu, wasijitie ushujaa, kesho yake watashindwa kukaa chooni. Norway walijaribu programu hii kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, utafiti ukachapishwa 2008, na majeraha makubwa yakapungua karibu nusu. Kwa timu yenye wachezaji 22 na isiyo na pesa ya eksrei, hiyo si habari ndogo.

Baada ya hapo mpira. Kiwanja kidogo, wanne kwa wanne, dakika nne za moto, dakika tatu za kupumzika na maji, mnarudia mara nne au tano. Pumzi iko humo humo. Mtu anakimbia, anageuka, anafikiri, na hajui kama anafanyishwa mazoezi ya pumzi kwa sababu anataka kushinda. Kipa wako asisimame tu kuokota mipira. Mpe mtu wa kumpigia pembeni kwa nusu saa, hasa mipira ya juu. Saa moja na nusu mmemaliza, jua halijawa na maneno.

Hiyo saa nne anayoitaka kocha, mpeni, lakini chini ya mwarobaini na ubao. Nusu saa, isizidi. Timu za mtaa zinafungwa kwa kona kila mwaka, si kwamba wapinzani ni warefu, ni kwamba hakuna aliyeambiwa nguzo ya kwanza ni ya nani na anayetoka kwenye mpira mfupi ni nani. Andikeni majina ubaoni. Mkimaliza, watu wafue jezi, wakate kucha za miguu, wacheze dama. Saa saba chakula. Saa nane mpaka saa tisa na nusu watu wanalala, na simu zote ziko kwenye mkoba wako wewe Katibu. Hapo utachukiwa. Vumilia.

Saa kumi na nusu, baada ya alasiri, ndiyo mazoezi ya timu nzima: mabeki wanatokaje na mpira, tukipoteza nani anabana, kona za kushambulia. Robo ya mwisho, miguu ikiwa imechoka, penalti. Agosti 2025 Harambee Stars walitolewa na Madagascar robo fainali ya CHAN, kombe la Afrika la wanaocheza ligi za nyumbani, pale Kasarani kwa hizo hizo penalti, na mashindano ya mtaa ndiyo usiseme, nusu ya mechi zinaishia huko. Kila mchezaji apige moja tu kwa siku. Moja, atembee kutoka kati ya uwanja peke yake, wenzake wakimzomea. Ukimpa kumi hatajali hata moja.

Usiku mle mapema, saa mbili muwe mmemaliza. Saa nne taa zizimwe. Hesabu: kutoka saa nne mpaka adhana ni kama masaa saba, ongeza lile la mchana, umempa kijana zaidi ya masaa nane. Muguka, yale majani ya kutafuna, hauingii getini, na hapo sibishani na mtu.

Msifanye mara mbili kila siku. Siku mbili za mara mbili, siku moja ya mara moja. Ijumaa ni jioni peke yake. Jumapili asubuhi wenzetu waende kanisani na waliobaki walale. Siku tatu za mwisho kabla ya mechi, zoezi moja fupi lakini la kasi, na siku ya mwisho dakika 45 za kona na penalti. Hapo ndipo makocha vijana wanapoingiwa na wasiwasi, wanaongeza mbio dakika za mwisho, na siku ya mechi miguu ya watu haiinuki.

Mchanga si sumu, ila una namna yake. Ule laini wa juu unachosha ndama na kano la kisigino, na mtu asiyeuzoea ataumia siku ya tatu. Kimbieni kwenye ule mgumu uliolowa, mara moja au mbili kwa wiki, dakika 20. Na mwangalie mwezi: siku za bamvua maji alfajiri yamejaa mpaka juu, hakuna pa kukimbilia. Wavuvi wenu hao wawili watawaambia bila kalenda.

JikoLaBiKizee

Kocha NambariTatu, umesema mengi mazuri lakini chakula umekipita mbio kama mtu anayedaiwa. Mimi nimezipikia timu mbili za hapa na mahafali ya madrasa yasiyohesabika. Katibu, andika: wali, piga robo kilo ya mchele kwa kila mchezaji. Usidanganywe na vipimo vya harusini, harusini kuna watoto na kuna biriani ya pili. Vijana wakitoka uwanjani wanafagia sufuria. Kwa watu 26 ni kilo sita na nusu kwa mlo mmoja.

Asubuhi baada ya mazoezi: mahamri na mbaazi, au mhogo wa kuchemsha, na mayai. Mchana: wali, samaki wa mchuzi, mchicha. Usiku: sima na maharagwe, au viazi vitamu na samaki wa kuchoma. Matunda kila siku, Disemba maembe yamejaa mpaka yanaoza.

NambariTatu

Bi Kizee, shikamoo. Nakubali yote isipokuwa moja: mahamri. Si mabaya, lakini ni mafuta, na yakiliwa kila siku kijana anakuwa mzito. Yawe Ijumaa na Jumapili. Na wali wa siku ya mechi tui liwe jepesi, uliwe masaa matatu kabla ya filimbi.

JikoLaBiKizee

Marahaba. Tui jepesi nitalitia kwa ajili yako. Mahamri siahidi.

Nesi_wa_Zamu

Naingia kwa sababu hakuna aliyetaja kitu kinachoua. Mimi ni muuguzi, na kaskazi ikianza huwa tunaletewa vijana wa mpira na wa mbio.

Mwaka 2001, kwenye kambi ya timu ya Minnesota Vikings, ule mpira wa Kimarekani wa kofia ngumu, mchezaji Korey Stringer alianguka mazoezini siku ya joto kali. Alifikishwa hospitali joto la mwili likiwa limepita nyuzi 42, akafariki usiku huo, tarehe 1 Agosti. Alikuwa na miaka 27, na timu yake ilikuwa na madaktari. Miaka kumi baadaye ligi yao ikapiga marufuku mazoezi mawili ya vifaa kamili kwa siku moja. Kwa hiyo Winga, ulaini hauhusiki hapa.

Dalili za kuogopa ni hizi: mchezaji anaanza kuongea ovyo, anayumba, anagombana bila sababu, hajui matokeo ni ngapi. Msimngoje aanguke, na msiseme jasho bado linamtoka kwa hiyo ni mzima. Anaweza kuwa anatoka jasho na ndani anaungua. Mpozeni hapo hapo uwanjani kabla ya kumpakia popote. Gari mtalipigia simu huku mnampoza. Mlazeni kwenye turubai, watu sita washike kingo ziinuke, mwageni maji na barafu mpaka yamfunike kiwiliwili, mkiyatikisa. Barafu ya samaki inauzwa Malindi hii hii. Nunueni asubuhi, iwe kwenye debe lenye kifuniko pembeni mwa uwanja. Ikibaki wachezaji watapozea maji ya kunywa, lakini basi muwe mmeifunga kwenye mifuko safi.

Wale watano wa Nairobi na Eldoret ndio wa kuangaliwa zaidi. Watakuja na pumzi za milimani na kujiona simba. Mwili unahitaji kama siku saba mpaka kumi na nne kuzoea joto, na hakuna mkato. Siku tatu nne za kwanza wafanye nusu ya wanachofanya wengine, hata wakilalamika.

Maji: mpimeni mtu uzito kabla na baada ya zoezi. Kilo moja iliyopotea ni kama lita moja ya maji, na arudishe lita moja na nusu, polepole, si kwa mkupuo. Kama mizani hakuna, kila mtu atazame mkojo wake wa asubuhi: ukiwa rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa, hajanywa vya kutosha. Madafu ni mazuri lakini chumvi yake ni kidogo kwa mtu aliyelowa jasho chapachapa. Anayeshikwa na misuli au aliyeharisha mpeni lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Msizidishe chumvi.

Na zile dawa za maumivu ambazo vijana wanameza kabla ya kuingia uwanjani ili wasisikie kifundo: wazuieni. Jua, ukosefu wa maji na dawa hizo pamoja ni kazi mbaya kwa figo. Muguka vilevile, unapandisha mapigo ya moyo na joto, mtu anajiona hachoki huku anachoka.

Winga_wa_Jeti

Haya nesi, nimesikia. Ila yule aliyekuwa akitukimbiza Sabaki bado yuko hai na bado ana sauti, nitamtumia hii asome.

KatibuMaweni

Mungu awalipe nyote. Nimemsomea kocha yote, alinuna kidogo kwa ile ya saa nne, kisha akaniomba nimchapie ile ya wanne kwa wanne. Turubai tunalo, la msiba la mtaa. Barafu nimeshaongea na mtu.

Maswali mawili yamebaki. Boda boda wanasema hawawezi kuacha pikipiki wiki mbili. Wengi si zao, mwenyewe anataka hesabu yake kila jioni awe yuko kambini au yuko mbinguni. La pili, wavuvi: wanataka kutoka usiku mara moja moja, hasa giza la mwezi.

NambariTatu

Boda ndiyo shida ya kila kambi ya pwani na haitatuliwi kwa kugomba. Wasiokuwa na pikipiki zao watafute wa kuwashikia, wagawane na mwenyewe ajue mapema. Asiyepata, mruhusu saa tatu mpaka saa sita, baada ya chai. Atakosa ubao, mtamfundisha kona jioni. Lakini saa saba pikipiki iko ndani ya geti na funguo ziko kwako. Ukimwachia mpaka saa tisa atakuja jioni na mgongo uliokaa kutwa na macho mekundu, na huyo ndiye atakayechanika paja. Nimeona zaidi ya mara moja.

Mfadhili naye muulize, kwa adabu, kama pesa ya mahamri ya Bi Kizee inaweza kugeuzwa hesabu ya pikipiki mbili tatu. Mwambie bila winga wako wa kulia hakuna picha ya kombe.

Wavuvi wiki ya kwanza waende usiku mmoja, na siku inayofuata hawafanyi zoezi la asubuhi, wanalala. Wiki ya pili hapana. Mtu hakeshi na nyavu halafu akamkaba winga dakika tisini.

JikoLaBiKizee

Pesa ya mahamri haiguswi. Nawaona.

KatibuMaweni

Bi Kizee, hatujagusa! Nesi, mizani nimepata ya kuazima kwa muuza samaki, ila ni ile ya ndoano ya kuning'iniza. Itafaa?

Nesi_wa_Zamu

Hiyo ya kupimia papa? Kipa wenu utamning'iniza wapi? Njoo zahanati na barua yenye muhuri wa timu, uombe ya kusimama. Ije na mtu wa kuirudisha.

KatibuMaweni

Muhuri tunao. Kesho asubuhi nitakuwa hapo.